Bunduki ya Marehemu: Uchambuzi wa Kisa cha Mjane wa Kongwa

Mteja ni mama wa miaka 44, mfanyabiashara wa nafaka, mjane mwenye watoto watatu. Anaishi katika wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Alifika kwenye ofisi yetu ya sheria na swali moja: afuate utaratibu gani ili bunduki ya marehemu mumewe iandikwe jina lake. Alisema majambazi wameanza kumzungukia usiku na hana mwanamume wa kumlinda.

Jina lake sitalitaja. Baadhi ya mazingira nimeyabadili, mengine nimeyachanganya na visa vinavyofanana na hiki, asije akatambulika. Sheria ninazozieleza nimeziacha kama zilivyo.

Mambo yalivyokuwa

Mumewe alikuwa akinunua mahindi na alizeti vijijini na kuyauza katika soko la mazao la Kibaigwa. Anayelijua soko lile msimu wa mavuno anajua fedha zinavyotembea pale. Mkulima aliyetoka mbali na magunia yake anataka noti mkononi kabla lori halijaondoka. Marehemu alikuwa akilala na fedha za watu ndani, na kwa sababu hiyo aliomba leseni ya bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, ile ambayo wengi huiita shotigani, akapewa. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 ulipotangazwa, naye aliipeleka ya kwake ikakaguliwa.

Alifariki kwa maradhi. Matanga yakaanuliwa, ndugu wakatawanyika, bunduki ikabaki ndani ya kabati la nguo nyuma ya makoti yake, imeviringishwa kitenge. Risasi zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati hilohilo. Leseni yenye picha ya marehemu aliihifadhi kwenye bahasha moja na risiti za kiwanja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ndiyo aliyonionyesha kwanza. Kwa uelewa wake, bunduki ilikuwa kama kitanda na baiskeli: mwenyewe amekufa, mali imebaki kwa familia.

Usiku uliomleta kwetu ulikuwa wa kiangazi, upepo mkali, mbwa wanabweka tangu saa sita. Mtu alilitikisa geti la bati mpaka likapinda, akaingia uani, akaanza kugonga mlango. Mama alichukua bunduki akaenda kukaa kwenye chumba cha watoto, imelala mapajani. Hakujua kama ina risasi au haina, wala hakujua pa kuangalia. Aliyejua ni binti yake mkubwa, ambaye baada ya kidato cha sita alipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria na kushika silaha huko, lakini usiku ule alikuwa chuoni. Mtu yule aligonga kwa muda mrefu, kisha akaondoka.

Majirani aliwaambia ni wezi. Nasi alituambia ni majambazi.

Anamwogopa nani?

Kabla ya kufungua kitabu chochote cha sheria nilimuuliza, "Mama, huyu mtu alisema nini pale mlangoni?" Jambazi hagongi muda mrefu. Alinyamaza, akakunja pindo la khanga yake, akasema, "Aliniita shemeji."

Alikuwa mdogo wa marehemu. Tangu arobaini ipite amekuwa akija, kwanza mchana "kuwaona watoto wa kaka", halafu jioni akiwa amekunywa, na sasa usiku. Anachokitaka ni kiwanja chenye ghala kilichotazama barabara. Alianza na lugha ya ukoo, kwamba mali ya kaka hurudi kwa wadogo. Ilipogoma, akaja na lugha nyingine, na aliisema mbele ya watoto: "Chagua, shemeji. Kiwanja au jela. Nikitamka tu polisi kwamba una silaha ya marehemu, watoto hawa nitawalea mimi."

Hapo ndipo kisa kilipogeuka. Tulikuwa tunazungumzia namna ya kumiliki bunduki kumbe bunduki yenyewe ndiyo iliyokuwa imemfunga mdomo. Geti lilipinda, hakwenda polisi. Alitukanwa, alitishwa, hakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hakwenda hata kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa kila mlango wa msaada ulikuwa na mtu ambaye angeuliza: na silaha ya marehemu iko wapi? Shemeji hakuwahi kuishika ile bunduki, lakini ndiyo aliyokuwa akimpigia.

Ninaliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu ninaamini ndilo linalosahaulika zaidi tunapojadili wanawake na silaha. Mazungumzo huanzia kwa jambazi asiyejulikana, anayeruka ukuta usiku wa manane. Wapo majambazi wa aina hiyo, na wafanyabiashara wa Kibaigwa wanawajua. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili, na kwa walioolewa aliyetajwa zaidi alikuwa mume. Anayemtisha mwanamke kwa kawaida ana jina, na mara nyingi amewahi kula nyumbani kwake. Mwanamke akija kuulizia bunduki, swali la kwanza ni anamwogopa nani.

Sheria ilimshika wapi

Udhibiti wa silaha kwetu unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Leseni hupewa mtu, kwa jina lake, baada ya yeye mwenyewe kuchunguzwa. Hairithiwi. Mwenye leseni akifariki, silaha inatakiwa ikabidhiwe polisi, na anayetaka kuwa nayo aombe leseni yake upya. Kwa hiyo tangu siku ya mazishi mama huyu alikuwa na silaha bila leseni, iwe alijua au hakujua.

Na kosa hilo si dogo. Kupatikana na silaha bila leseni kumewekwa katika orodha ya makosa ya Sheria ya Uhujumi Uchumi, na marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Nilipomtajia hesabu hiyo alidhani namtisha. Wengi hudhani hivyo. Sheria iliandikwa ikiwalenga wanaoteka mabasi na kuwinda tembo, lakini hati ya mashtaka haina sehemu ya kuandika kwamba mshtakiwa ni mjane ambaye hakujua.

Kinachoweza kumtofautisha ni busara ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kesi ya uhujumi uchumi haisikilizwi bila ridhaa yake, na Katiba, ibara ya 59B, inamtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Mama aliyekwenda mwenyewe kukabidhi ana la kusema mbele ya ofisi hiyo. Aliyekamatwa baada ya kuchongewa anabaki na maelezo ambayo kila mtuhumiwa huyatoa.

Hapa nina lawama, na siielekezi kwa mama. Mtu akifa, cheti cha kifo kinatolewa, benki inaarifiwa, mwajiri anaarifiwa, mirathi inafunguliwa. Katika mlolongo wote huo hakuna aliyemuuliza mjane habari ya silaha, ingawa polisi wanayo kumbukumbu ya nani amepewa leseni. Swali moja kwenye kikao cha ukoo, au karani wa mahakama anayepokea fomu ya mirathi kuuliza tu, "Marehemu alimiliki silaha?", lingetosha kumwepusha mtu na miaka 20.

Angefyatua ingekuwaje?

Aliniuliza hivyo kwa sauti ya chini. Alijua kwamba usiku ule alikaribia.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwingine na kulinda mali. Wanawake wengi wanaokuja kwetu hawajui haki hiyo inafika mbali kiasi gani. Vifungu vinavyofuata kile cha 18 vinaitaja wazi: haki ya kujilinda inaweza kufikia hata kusababisha kifo, pale anayeshambuliwa anapokuwa na hofu ya msingi ya kuuawa au kuumizwa vibaya, pale mshambuliaji anapokusudia kubaka, kuteka au kunyang'anya, au anapovunja nyumba usiku. Mwanamke anayevunjiwa mlango na mwanamume mwenye panga halazimiki kusubiri panga limguse.

Ila sheria hiyohiyo inataka nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika kwa kujilinda. Aliyezidisha nguvu akaua anatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na adhabu ya kosa hilo inaweza kufika kifungo cha maisha. Mahakama hutazama dakika ileile: aliona nini, alisikia nini, alikuwa na njia gani nyingine.

Sasa upime usiku ule. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo na bado mzima. Nje alikuwepo mtu mmoja aliyelewa, sauti yake inajulikana, anagonga na kudai afunguliwe. Ndani walikuwa mama na watoto wawili. Marisau hutawanyika, na mlango wa mbao nyembamba hauyazuii. Kumfyatulia aliyeko nyuma ya mlango, ukiifuata sauti tu, kungekuwa kitendo kigumu sana kukitetea. Ningelisimamia shauri hilo kwa moyo wote, ningeeleza vitisho vya miezi mingi na geti lililopinda, lakini ningejua ninapanda mlima. Mlango ungekuwa umevunjwa, yeye amesimama chumbani na panga, watoto wamejibanza nyuma ya mama yao, maelezo yangekuwa mengine kabisa na ningeyatoa bila wasiwasi.

Na katika hali zote mbili, shtaka la silaha lingebaki palepale. Utetezi wa kujilinda unajibu kwa nini ulifyatua. Haujibu kwa nini silaha ilikuwa kwako miezi yote kabla ya hapo. Nilimchorea jambo hili kwenye karatasi, visanduku viwili vilivyotengana, kwa kuwa kila alipoelewa kimoja alidhani kinafuta kingine.

Tulichofanya

Jambo la kwanza lilikuwa kuhakikisha haibebi bunduki hiyo. Alikuwa tayari kuiweka kwenye gunia na kupanda nayo bodaboda hadi kituoni ili amalize siku hiyohiyo. Angesimamishwa njiani, asingekuwa na cha kuonyesha zaidi ya leseni ya marehemu. Tuliandika barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, tukaeleza kifo, tarehe, namba ya leseni, na kwamba mjane anaomba maofisa waje kuichukua nyumbani. Tuliambatisha nakala ya cheti cha kifo. Nakala ya barua tuligongewa muhuri wa kupokelewa, na muhuri ule ndio uliovunja nguvu ya shemeji. Kuanzia hapo hakuwa na siri ya kuuza.

Maofisa walikuja, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Mmoja wao aliikunja bunduki kuikagua, akachomoa risasi mbili, moja kila mtutu. Ilikuwa imeshindiliwa tangu uhai wa marehemu. Mama alikaa chini hapohapo sakafuni. Mtoto wake wa mwisho ana miaka saba na kabati hilo ndimo sare zake za shule zinamowekwa.

Aliandikwa maelezo, akapewa hati ya makabidhiano, na hajashtakiwa. Mmoja wa waliokuwepo alicheka: "Mama, wewe na bunduki wapi na wapi?" Nilimjibu, na nalirudia hapa bila kupunguza. Sheria haina bunduki ya wanaume. Wanawake wa nchi hii wanabeba silaha jeshini, polisi na magereza, na mabinti zetu wanafundishwa kuzishika JKT, Makutupora hapo na kwingineko. Kosa la mama huyu lilikuwa leseni, na kumcheka kwa uanamke wake ni kumfundisha asirudi tena kituoni atakapokuwa na shida.

Mchana huohuo tulikwenda Dawati la Jinsia na Watoto. Malalamiko yalikuwa matatu: kuingia kwa jinai, kutishia, na kudai mali kwa vitisho. Binti mkubwa na mdogo wake waliosikia lile neno la "kiwanja au jela" waliandikisha maelezo. Pia tuliomba shemeji atakiwe kutoa dhamana ya kutunza amani, uwezo ambao Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu pale panapokuwa na dalili kwamba mtu atavunja amani. Njia hii haitumiki inavyostahili. Haisubiri mtu aumizwe kwanza, na mlevi wa usiku akishajua kwamba kuna fedha atadaiwa akirudi kwenye geti lile, hutafuta njia nyingine ya kupita.

Mirathi imekuwa kazi ndefu zaidi, na bado iko Mahakama ya Mwanzo. Kikao cha ukoo kiligawanyika. Wazee wawili walisimama na mjane, na mmoja wao, mjomba wa marehemu, aliwaambia wenzake kwa Kigogo maneno makali kuhusu kumnyang'anya mama wa watoto nyumba. Shemeji ameweka pingamizi, anaegemea kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo zinamwachia mjane atunzwe na watoto wake badala ya kurithi. Kanuni hizo zimelalamikiwa miaka mingi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliiambia Tanzania izirekebishe, baada ya wajane wawili kupeleka malalamiko yao huko. Sisi tumesimama kwenye hoja ya karibu zaidi: kiwanja kilinunuliwa ndani ya ndoa, risiti mbili kati ya nne zina jina lake mwenyewe, na ghala lilijengwa kwa fedha za alizeti alizokuwa akinunua yeye wakati mumewe akiwa mgonjwa.

Nyumbani amebadilisha geti, ameweka taa ya jua inayowaka uani usiku kucha, na vijana wa ulinzi shirikishi wamepewa namba yake. Ununuzi mwingi sasa anaulipa kwa simu. Wapo wakulima wanaokataa, hasa wazee, na hao huwalipa asubuhi, mchana kweupe, pale sokoni, bila kulala na fedha ndani. Ukiniuliza nini kimemlinda zaidi mpaka sasa, nitakwambia ni ule muhuri wa barua na taa ya uani.

Na leseni yake mwenyewe?

Swali alilokuja nalo halijafa. Amelirudia, safari hii akiwa ametulia.

Anaweza kuomba. Umri anao, kwa kuwa sheria inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, na ndiyo sababu binti yake, pamoja na mafunzo yote ya JKT, hangepewa. Atahitaji cheti cha umahiri wa kutumia silaha, rekodi safi, na sababu inayoeleweka. Maombi yanaanzia kwa serikali ya kijiji au mtaa, yanapita kata, yanakwenda polisi na kamati ya ulinzi na usalama. Atatakiwa kuonyesha mahali salama pa kuifungia, silaha na risasi, na lile kabati la sare halitakubalika.

Wenzangu wawili ofisini wanaona tumkatishe tamaa. Hoja yao ni nzito: bunduki iliyofungwa inavyotakiwa haifikiki haraka usiku, na isiyofungwa inavyotakiwa inamfikia mtoto kwanza. Binafsi siwezi kumkatalia mtu mzima haki ambayo mumewe aliipata kwa kazi ileile anayoifanya yeye leo, kwenye soko lilelile. Nilichomwomba ni mambo mawili. Asiombe kabla pingamizi la mirathi halijaamuliwa, kwa sababu ombi la silaha katikati ya ugomvi wa ukoo litasomwa vibaya na kila atakayelipitia. Na aanze na mafunzo ya umahiri kabla ya kitu kingine chochote, aishike, aijaze, aitoe risasi, aisikie ikilia, ndipo aseme kama bado anaitaka.

Amekubali. Akimaliza mafunzo na bado anaitaka, barua ya maombi nitamwandikia mimi, na sababu itakayotajwa humo ni biashara yake ya nafaka Kibaigwa. Habari za shemeji zitabaki kwenye jalada la Dawati na la mirathi, ambako zinashughulikiwa.